Toba Iliyokataliwa

Barua ya kwanza ya Tahiya Mansabu ilipata alama ishirini na mbili, na gereza zima liliziona kabla yeye mwenyewe hajainua kichwa.

Skrini ya matokeo ilikuwa imetundikwa juu ya mlango wa chumba cha barua, upande wa nje, ikitazama ukumbi ambamo wanawake wa gereza la Mtambaani walichambua paneli za jua zilizokufa. Ishirini na mbili kwa mia, na chini yake neno moja la sababu: UIGAJI. Makoleo yakatulia. Mwanamke mmoja akacheka kwa pua, wa pili akampokea, kicheko kikaenda meza kwa meza mpaka Afande Mwajabu akagonga kirungu kwenye nguzo.

Nakiete Namtamba hakucheka. Aliendelea kuvuta waya wa shaba kutoka kwenye kioo kilichopasuka, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Alikuwa amemsubiri Tahiya miaka kumi na minne, na aliyesubiri kiasi hicho hana pupa.

Kila mtu alijua Tahiya ni nani. Ndiye aliyeifundisha mashine kusoma.

Kabla ya Sheria ya Toba, hakimu alimtajia mtu miaka. Sheria ikasema miaka ni ukatili, maana mmoja hubadilika kwa wiki na mwingine huzeekea ndani na roho yake ile ile. Tangu hapo hakimu alitamka kosa tu. Kila miezi mitatu mfungwa aliingia chumba cha barua, akashika kalamu iliyounganishwa na mashine, akaandika alichokosa na toba yake. Mashine ilisoma maneno, ikasoma uzito wa mkono, ikasoma hata pale mtu aliposita. Aliyefika sabini alifunguliwa lango siku hiyo hiyo. Asiyefika alirudi kwenye paneli. Na kila barua, iliyopita na iliyokwama, ilihesabiwa kuwa kiapo na kuwekwa kwenye jalada la mahakama, ambako hakuna awezaye kuifuta. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuisifu sheria hiyo.

Wageni hao hawakuonyeshwa jambo moja. Katika mji ule kila kitambulisho kilikuwa na sehemu ya rangi. Wenye maghorofa, ambao damu zao zilichanganyika kwa vizazi vitatu mpaka wakatoka wote rangi moja, waliandikwa Maji ya Kunde. Wamiombo, weusi waliotelemka kutoka bara mvua zilipokata, waliandikwa Weusi. Maji ya Kunde walikaa Mtambaani miezi sita, wakizidi sana tisa. Wamiombo walikaa mpaka meno yakaanza kulegea.

Nakiete alikuwa katika mwaka wa kumi na saba gerezani. Aliletwa akiwa na miaka thelathini na mmoja, pamoja na mdogo wake Lukia, kwa kosa moja: walifungua koki ya bomba kuu ili mtaa wao upate maji, na maji yakamchukua mlinzi aliyekuwa amejilaza ndani ya mfereji mkavu. Mlinzi aliitwa Sabasi. Nakiete alisikitika kwa Sabasi kama mtu anavyosikitika kwa ajali. Lukia alivunjika. Alikuwa ndiye aliyeshika koki.

Lukia aliandika barua kumi na moja. Zote zilifanana, kwa sababu hakuwa na neno jingine. Kwa Wamiombo, aliyekosa hasimulii moyo wake. Kusimulia moyo ni kutaka upapaswe mgongo wewe uliyeumiza. Anataja alichofanya, anamtaja aliyemfanyia, anasema atatoa nini, kisha ananyamaza. Basi Lukia aliandika: Nilifungua koki. Maji yalimuua Sabasi. Nitamlimia mkewe shamba kila masika mpaka mikono yangu ishindwe. Mashine ikampa kumi na nne. Safari nyingine kumi na mbili. Sababu ilikuwa neno lile lile kila mara: UBARIDI. Vumbi la kioo lilimwingia mapafuni, akaanza kukohoa mwaka wa pili, na barua ya kumi na mbili hakuiandika.

Tangu siku walipombeba, Nakiete hakuingia tena chumba cha barua kwa ajili yake mwenyewe. Alisema hatakiomba msamaha kitu kilichomwita Lukia baridi. Lakini alikaa chini akajifunza kinapenda nini. Alizikariri barua za Maji ya Kunde waliotoka: walianza na utoto, wakamtaja mama, wakalia katikati, wakamalizia na jua linalochomoza. Akawafundisha Wamiombo wenzake kuandika hivyo. Wanawake ishirini na saba walitoka kwa maneno yake. Serikali ilipoona wanatoka wengi mno, ikaongeza chujio la kukamata barua za kuiga. Nakiete akajifunza na chujio nalo: uache sentensi moja bila mkia, utaje kitu kisichohusika, mfano viatu vya jirani, na ukosee tarehe.

Tahiya hakuyajua hayo. Alikuwa ameacha kazi ya mashine kabla ya chujio. Aliandika barua safi kupita kiasi, na mashine yake mwenyewe ikamwona mwongo.

*

Alimwendea Nakiete baada ya barua ya pili, iliyopata kumi na tisa.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wanawake wamekaa uani na sahani za ugali na dagaa. Tahiya alisimama mbele yake, sahani haijaguswa, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na sita mwenye nywele zilizoanza kuonyesha mvi kwenye mizizi kwa kukosa rangi ya dukani. Alimwita dada. Alisema ameambiwa kwamba anayetaka kutoka hupita kwake, naye yuko tayari kufanya chochote atakachoambiwa. Nje ana mama mgonjwa.

Nakiete alimuuliza aliletwa kwa kosa gani, ingawa alilijua.

Tahiya akaeleza. Alikuwa ametoka kwenye sherehe, amelewa, akaizima akili ya gari kwa kuwa ilikataa kumwendesha kwa kasi, akashika usukani mwenyewe. Alimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akifagia barabara. Akasita kidogo kabla ya kutaja jina, kama anayelitafuta mfukoni. Fabiola. Mmiombo.

"Umewahi kuandika kuhusu mashine?" Nakiete akauliza.

Tahiya hakuelewa. Alisema mashine haikuwa kosa lake mahakamani.

Nakiete akamwambia aende akale, warudi kuzungumza kesho. Alijua la kufanya; alihitaji siku moja tu ya kulipima.

Maana miaka miwili nyuma alikuja wakili kijana, Twilumba, mwenyewe Mmiombo, akamweleza mkwamo wa kesi ambayo yeye na wenzake waliifungua dhidi ya mashine. Mahakama ilisema: leteni mtu mmoja aliyetubu kweli na mashine ikamkataa. Wao wakaleta barua za Lukia. Mahakama ikauliza, nani anasema alitubu? Mashine imesema hakutubu, na kwa sheria mashine ndiyo kipimo. Makaratasi yaliyoonyesha mashine ilifundishwaje yalikwisha kuteketezwa. Yalibaki kichwani mwa watu wawili watatu, na hao hawakuwa tayari kusema. Twilumba alisema siku ile, kwa unyonge, kwamba kinachohitajika ni mtengenezaji mwenyewe, chini ya kiapo.

Barua ya toba ni kiapo.

*

Walikaa pamoja wiki saba, kwenye meza moja ya paneli. Nakiete alimwambia kwamba chujio linakamata kila barua iliyotungwa, kwa hiyo ipo njia moja tu: aandike ukweli mtupu, wote, hata ule ambao hakuulizwa. Asitaje utoto. Asimtaje mama yake. Asilie. Aseme alichofanya, aliyemfanyia, na atakachotoa.

"Na hiyo itapita?" Tahiya aliuliza.

"Itapita," Nakiete akasema.

Alisema hivyo akimtazama machoni. Alijua fika kuwa barua ya namna hiyo haitapita hata kama ingeandikwa na malaika. Ilikuwa barua ya Lukia.

Tahiya aliamini. Pengine aliamini kwa sababu alikuwa amechoka, au kwa sababu kila mtengenezaji hudhani kazi yake, mwisho wa yote, itautambua ukweli ukisimama mbele yake. Wakaanza na Fabiola. Nakiete alimuuliza mwanamke yule alivaa nini, alianguka upande gani, aliacha watoto wangapi. Tahiya hakujua hata kimoja. Hakuwa ametazama. Nakiete akamwagiza atafute, na Tahiya akaandika kwa wakili wake, kwa balozi wa mtaa, kwa kampuni ya usafi, mpaka akapata: watoto watatu, wa kwanza fundi cherehani. Alisoma majina yao kwa sauti pale mezani, halafu akaokota koleo akaendelea na waya mpaka kengele ya kufunga kazi.

Wiki ya tano wakafika kwenye mashine.

Tahiya alisimulia huku akichambua waya. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amemaliza masomo juzi, akapewa barua elfu tisini za wafungwa wa zamani ambao mahakimu binadamu waliwahi kuwasamehe. Kazi ilikuwa kuifundisha mashine toba inafananaje. Theluthi moja ya barua zile zilikuwa za Wamiombo, na mashine kila ilipozisoma ilichanganyikiwa. Fupi mno, kavu, hazina machozi. Siku ya kuikabidhi ilikuwa imekaribia. Asubuhi moja alizikusanya, akaziandikia neno TAKATAKA, akazitoa. Mashine ikaanza kufanya kazi vizuri. Akaenda kula.

"Zote elfu thelathini?"

"Zote."

"Ulizisoma?"

Tahiya alisema alisoma chache. Aliikumbuka moja ya bibi mmoja aliyemwahidi jirani yake mbuzi, kisha akaeleza kwa mistari minne mbuzi mwenyewe yukoje, anapenda majani gani. Yeye na wenzake waliisoma kwa sauti ofisini wakacheka.

Nakiete aliweka koleo chini. Kwa miaka yote alikuwa amemchora mwanamke huyu kichwani na uso wa chuki, mtu aliyeketi akapanga kuwaangamiza Wamiombo, na alikuwa amejizoeza kumchukia mtu huyo. Sasa aliambiwa kwamba Lukia alikufa kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya chakula cha mchana.

"Mlituchukia kiasi gani?" alimuuliza.

"Hatukuwachukia, dada," Tahiya akasema. "Mimi sikuwachukia. Sikuwa nawawaza kabisa."

Kama palikuwa na dakika ambayo Nakiete angeweza kulegea, ingekuwa kabla ya sentensi hiyo. Aliokota koleo lake. Akamwambia: hilo nalo liandike, kama ulivyolisema.

*

Siku ya barua Tahiya alikaa chumbani saa tatu nzima. Wengi humaliza kwa saa moja. Kupitia kioo kidogo cha mlango, Nakiete alimwona ameinama, kalamu ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Aliwahi kuona watu wengi wakiandika pale kwa hila, na alijua mgongo wa mwongo unavyokaa. Huu haukukaa hivyo. Mwanamke yule alikuwa ameingia kuandika ili atoke, na mahali fulani katikati ya karatasi alikuwa amesahau kutoka.

Aliyaandika yote. Fabiola na watoto wake kwa majina. Barua elfu thelathini, tarehe alizozitoa, neno aliloziandikia, nani alikuwepo ofisini. Bibi wa mbuzi. Mwishoni akaandika kwamba atasema haya mahali popote atakapoitwa, na kwamba kazi ya kufagia ile barabara ataifanya yeye maisha yake yote yaliyobaki, mshahara uende kwa watoto wa Fabiola. Akanyamaza hapo. Hakuweka jua linalochomoza.

Skrini ikawaka. Tisa. UBARIDI.

Safari hii hakuna aliyecheka. Tahiya alitoka, akainua uso akaisoma, akaisoma tena. Kisha akamtafuta Nakiete kwa macho, akaja mpaka mezani, na badala ya kukaa kwenye benchi akajikuta amekaa sakafuni, juu ya vumbi la kioo.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Lakini ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli."

"Hilo pia najua," Nakiete akasema. "Mdogo wangu aliitwa Lukia. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akaniambia maneno hayo hayo mara kumi na moja."

Alikuwa ameyaandaa maneno hayo kwa muda mrefu, na yalipotoka yalikuwa matamu. Asingeficha hilo kwa mtu. Yalimshuka kifuani kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Tahiya alifunika uso kwa viganja, na Afande Mwajabu, ambaye hakuwa mtu wa huruma, akageuka akaangalia ukuta.

Wiki ile ile Twilumba aliomba nakala ya barua kutoka kwenye jalada. Mashine ilikuwa imenaswa pande zote mbili za mtego. Ikiwa barua ile ni ya uongo, serikali ilipaswa kuonyesha uongo uko wapi, na kila tarehe na kila jina lilipofuatiliwa lilikutwa sahihi. Ikiwa ni ya kweli, basi mtengenezaji ametubu na mashine yake imemwita baridi. Kesi ilichukua miezi saba. Mahakama ikaamua kwamba mashine isisome tena barua ya Mmiombo yeyote, na wote waliozuiliwa nayo wasikilizwe upya na hakimu mwenye masikio. Jina la Nakiete lilikuwa la nne kwenye orodha.

*

Katika miezi hiyo saba Tahiya angeweza kutoka. Nakiete alimngoja aje kumwomba barua ya hila, ya utoto na viatu vya jirani, na alikuwa amekwisha kupanga atakavyomkatalia. Hakuja. Siku ya barua ilipofika aliingia chumbani, akaandika yale yale, akapata nane. Ya pili yake akapata kumi na moja. Kati ya barua hizo aliendelea na paneli. Alihamia upande wa ukutani, ambako vumbi ni zito na ambako hukalishwa wafungwa wageni, akawaachia wazee wa Kimiombo nafasi za karibu na dirisha. Alianza kukohoa.

Nakiete alimchunguza kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu cha kununua. Alitaka kuona maigizo. Alitaka kumkamata walau mara moja akiangalia pembeni kuona nani anamtazama. Miezi saba hakumkamata, na jambo hilo lilimkera kuliko kama angemkamata, kwa sababu hasira yake ilikuwa imeshapika na kupakua na mlaji hakuwepo; aliyekuwepo alikuwa mwanamke mwingine.

Hakimu alimsikiliza Nakiete, akamwachia. Siku ya kutoka, Twilumba alikuja na gari la kukodi na gauni jipya la kitenge. Akamwamkia, wakacheka kidogo, Nakiete akasaini daftari la kuondoka. Walipofika kwenye kibanda cha lango, wakili akatoa karatasi moja zaidi.

Alieleza kwa uangalifu. Hukumu ile iliwahusu Wamiombo peke yao. Maji ya Kunde walibaki chini ya mashine. Hata hivyo mahakama iliacha mlango mmoja: mfungwa aliyekataliwa mara tatu anaweza kufunguliwa ikiwa mashahidi wawili waliokaa naye ndani, wawe wafungwa au askari, watashuhudia kwamba ametubu, na mmoja wao awe wa rangi nyingine. Afande Mwajabu, ambaye ni Maji ya Kunde, alikuwa amesaini wa kwanza. Ilibaki nafasi ya chini. Wanawake wengine wa Kimiombo walikuwa wamesema hawatatia mkono kabla ya Nakiete.

Nakiete aliisoma yote, polepole, maana macho yake yalikuwa yameharibiwa na kioo. Kisha akamrudishia.

"Mama," Twilumba akasema, "ametubu?"

"Ametubu. Sijawahi kuona mtu aliyetubu vile, ila mmoja."

"Sasa unaikataa toba ukiiona? Si ndicho mlichofanyiwa nyinyi? Mashine ilimtazama Lukia ikasema hamna kitu."

"Mashine haikumwona Lukia," Nakiete akasema. "Mimi huyu namwona. Namwona vizuri, na bado mkono haunyanyuki. Usiniambie ni haki, mwanangu. Sijasema ni haki."

Twilumba alikunja karatasi, akaifungua tena, akaipanga vizuri kwenye faili. Askari wa lango aliuliza kama wako tayari. Nje barabara ilikuwa na jua kali, magari yakipita, na mwanamke mmoja akiuza mahindi ya kuchoma upande wa pili.

Nakiete aliuliza barua ijayo ya Tahiya ni lini. Wakili akasema mwezi wa tisa, tarehe kumi na nne.

"Basi mwezi wa tisa uje na hiyo karatasi kwangu," akasema. "Uje mwenyewe, usimtume mtu. Na uniambie kikohozi chake kimefikia wapi."

Akavuka lango. Upande wa pili alisimama mbele ya jiko la mahindi na kuomba hindi moja, na mpaka lilipoiva alikuwa hajajua kama aliuliza kikohozi cha Tahiya kwa sababu alimhurumia, au kwa sababu alitaka kusikia kwamba kimezidi.